Jiwe la Mwezi, Chumvi ya Mubi

— Sikimbii! Drocella akasema, mikono kiunoni. — Mukitaka muntu wa kukimbia, mutafute mbuzi.

Kilima kizima kikacheka, isipokuwa Benoît. Yeye alikuwa amesimama mbele ya pipa la mafuta lililopakwa chokaa, amevaa koti la mvua la Padri na sufuria kichwani. Ndiyo kwanza ametoka mwezini, na mchumba wake wa kwenye sinema alipaswa kumkimbilia na kumkumbatia.

Padri akaacha kuzungusha mkono wa kamera.

— Drocella, mwaka jana ulikimbia vizuri.

— Na watu wa Mweso walifanya nini, Padri?

Padri akajikuna ndevu. Walizomea, nini tena! Sinema ile ya kijana wa Masisi aliyepanda mwezini ndani ya pipa haikuwa na sauti. Benoît, mwalimu wa shule na mtungaji wa hadithi yenyewe, ndiye aliyesimama kando ya shuka jeupe kuisema kwa Kiswahili, na ndiye aliyepigiwa kelele. "Huko alikula nini?" "Moto wa kurudia aliutoa wapi?" Hadithi ilikuwa na matundu mengi kuliko chujio. Basi mwaka huu wa 1954 Padri akaamua ipigwe upya, tangu picha ya kwanza, na kila mtu alete kiraka chake.

Matundu mengine yalizibika upesi. Kwa njaa, kijana akapewa gunia la maharagi. Kwa moto, makaa ndani ya chungu. Likabaki hili la Drocella.

— Basi sema, binti yangu. Tundu liko wapi?

— Kijana amekaa mwezini miaka mitatu. Hakutuma neno hata moja. Halafu anatoka ndani ya pipa, muchumba anakimbia? Muchumba gani huyo, wa kuokota sokoni?

— Hakuwa na namna, Benoît akajibu haraka. — Mwezi iko mbali. Njia ilikatika.

— Ilikatika kabisa?

— Kabisa.

— Na lile jiwe la kung'aa?

Jiwe alilitia Benoît mwenyewe: katikati ya hadithi mama wa kijana anaokota uani jiwe la mwezi, mwanawe amemrushia ajue kwamba yu mzima. Kipande kile alikuwa akijisifia sana.

— Jiwe lilifika kwa mama, Drocella akasema polepole. — Kwa muchumba halikufika. Njia ilikatika upande mmoja tu?

— Drocella, hii ni sinema.

— Na chumvi ya Mubi, nayo ilikuwa sinema?

Jamani, kuna maswali yanayomvua mtu nguo mchana kweupe. Benoît alisikia masikio yakimwaka moto chini ya ile sufuria.

Miaka mitano nyuma alikwenda Mubi, huko Walikale kwenye machimbo, akiaga kwamba anakuwa karani. Kabla ya safari wajomba zake walipeleka pombe ya ndizi kwa mzee Sebarenzi, baba yake Drocella, na yeye na Drocella wakanywa kwa mrija mmoja mbele ya watu. Kwao, ukishanywa hivyo, chumvi unayotuma kutoka safarini inapita kwanza kwa wakwe. Hata kijiko kimoja kinatosha, maana yake ningali nipo. Miaka mitatu haikufika hata punje. Aliporudi aliapa kwamba mvua ilikata barabara ya msituni, camion za mizigo hazikupita. Wakamwamini, na yeye akaanza kutafuta ng'ombe wa mahari, mmoja mmoja.

Akamgeukia mama yake Anastasie, ambaye kwenye sinema pia alikuwa mama, na jiwe la mwezi lilikuwa bado mkononi mwake.

— Mama, ulimwambia?

— Mimi? Sikufungua kinywa! Alikuja kunisaidia kukandika nyumba, akakuta chini ya kitanda vifuko vya chumvi ulivyonitumia. Nilikuambia, mwanangu, mke wako njo mwenye ile chumvi. Ukanifunga mdomo.

Mzee Sebarenzi akasogea, fimbo mkononi.

— Benoît, baada ya mavuno Evode wa Kingi anarudi kuchukua jibu la posa yake. Mara mbili nimemurudisha juu yako. Watu wananicheka, wanasema nimeposesha binti kwa mawingu. Niambie: njia ilikatika ao haikukatika?

Benoît akavua sufuria. Alitamani pipa lile lingekuwa pipa la kweli, limpeleke mwezini asirudi.

— Haikukatika, Papa.

Akapiga magoti kwenye tope.

— Ukarani walinikatalia. Nikapata kazi ya kufua. Nilikuwa nafua nguo za madame wa bwana mukubwa, hata zile za ndani. Wanaume wa machimbo waliniita Mama Sabuni. Drocella, mama yangu haulizi nafanya kazi gani. Wewe ungeuliza. Niliona haya.

— Ulifikiri nitacheka?

— Ndiyo.

— Basi haya yako ulinibebesha mimi, Drocella akasema. — Kila nikienda kisimani: "Karani wako iko wapi?" Miaka mitatu nakutetea, Benoît! Hata bora ungekuwa umekufa, ningelia nikanyamaza.

— Nisamehe.

— Hapa watu ni wachache. Mimi nilichekwa mbele ya wote. Maneno haya uyaseme Mweso, mbele ya shuka.

Akageuka, akashuka kilima bila kutazama nyuma. Hapo ndipo walipogundua kwamba Padri alikuwa akizungusha kamera muda wote.

— Filamu imekwisha, Padri akasema kwa aibu. — Mwisho mwingine sina.

Filamu ikapelekwa Ulaya kuoshwa. Maharagi yakaota, yakavunwa, na Drocella hakumsemesha Benoît hata salamu. Siku ya maonyesho, jua lilipozama tu, uwanja wa Mweso ulikuwa umejaa. Evode alikaa mbele kabisa, shati limepigwa pasi.

Safari hii hakuna aliyezomea pipa. Waliona maharagi, wakaridhika. Waliona makaa, wakapiga makofi. Kisha kwenye shuka kijana akavua sufuria na kupiga magoti.

— Anasema nini? mtu akapaza sauti.

Benoît angeweza kusema lolote. Picha haina mdomo. Angesema mwezi ulikuwa mbali, nani angebisha? Akamwona Drocella katikati ya wanawake.

— Anasema njia haikukatika, akaanza. — Anasema huko hakuwa karani. Alikuwa anafua nguo za madame, na aliona haya kumwambia muchumba wake. Na huyo kijana si wa mwezini. Ni mimi, Benoît wa Anastasie, na nilikuwa Mubi.

Kicheko kikalipuka.

— Mama Sabuni huyo! dereva mmoja wa camion za Walikale akapiga kelele.

— Njo mimi, ni mimi kabisa, Benoît akasema, machozi yakimlengalenga.

Kwenye shuka Drocella akageuka, akashuka kilima, na picha ikaisha.

— Halafu? Muchumba alijibu nini? watu wakauliza.

— Sijui. Tundu hilo mimi siwezi kuliziba.

Basi Drocella akainuka, kibuyu cha pombe cha baba yake mikononi, mrija ndani. Akapita mbele ya mwanga wa mashine, kivuli chake kikajaa shuka zima.

— Umeona? Sikukimbia.

— Nimeona.

— Chumvi yangu unaileta lini?

— Kesho asubuhi, mbele ya Papa yako.

— Na Jumamosi utafua nguo zangu mutoni, watu wakiona.

— Nitafua.

— Hata zile za ndani! wanawake wakadakia, vigelegele vikapaa.

Mzee Sebarenzi akamshika Evode bega.

— Mwanangu, jibu umelisikia. Usikasirike.

Drocella akanywa kidogo, kisha akamgeuzia Benoît mrija. Uso wa Benoît ulikuwa bado unawaka kwa haya. Akainama mbele ya Mweso nzima, akanywa.