Jina la Nne Kikaoni

Pumzi ya mtu wa nne ilisikika kikaoni alasiri, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye madirisha ya maktaba ya parokia mjini Sumbawanga. Ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyetoka kupanda mlima.

"Abel, unatafuna mahindi karibu na maiki?" Felisian aliuliza.

"Mimi? Nina soda tu, kaka."

Walikuwa wakipanga programu huria ya kuendesha maktaba, ambayo shule yoyote ingeitumia bure na kuirekebisha. Abel alikuwa kijijini Kate, Stumai Kirando kando ya ziwa, Felisian peke yake hapo maktabani; walikutana mtandaoni. Kwa kila pendekezo majina yaliitwa, na kila mmoja alisema "nakubali". Mmoja akikataa, pendekezo linaanguka. Jina la nne lilikuwa la Hilaria, mke wa Felisian, aliyeianzisha kazi hiyo na kufariki mwezi Machi. Felisian aliomba liendelee kuitwa. Waliliita, wakanyamaza kidogo, wakaendelea. Hakuna mahali pengine lilipotajwa tena.

Leo Abel alipendekeza programu iwaondoe kwenye orodha wasomaji waliofariki, kisha akaita majina.

"Stumai?"

"Nakubali."

"Hilaria?"

"Sikubali."

Sauti ilikuwa yake kabisa. Chumbani kukanuka dagaa wabichi, ilhali ziwa liko mbali, chini kabisa ya uwanda.

"Shemeji alikuwa mbishi," Abel alinong'ona, "lakini si kiasi hiki."

Hakuna aliyecheka.

"Hiyo pumzi nilishaisikia vikao vilivyopita," Stumai alisema kwa sauti ya chini. "Nikamuuliza shangazi, yule anayetoa majini. Anasema jina likiitwa na mwenyewe hayupo, kuna kitu kinajifunza kuitika. Tuliondoe sisi wenyewe, kwa vinywa vyetu, wote. Mimi nakubali."

"Nakubali," Abel alisema haraka.

"Shemeji Felisian? Bado wewe. Sema, tafadhali."

Felisian alifungua kinywa. Kiti cha kando yake kililia kama kinavyolia mtu anapokikalia, baridi ikampanda kutoka kwenye vifundo hadi magotini, na harufu ikasogea karibu na shavu lake, naye hakugeuka, kwa kuwa alijua kwamba akigeuka ataona kitu ambacho si mke wake, na kwamba akisema neno lile moja, jina la Hilaria halitaitikiwa tena na yeyote, mahali popote.

"Sikubali," alisema.

Abel alikata mawasiliano bila kuaga.

"Mungu akuhifadhi, shemeji," Stumai alisema, naye akatoka.

Pumzi iliendelea, sasa ikitoka kwenye kiti.

"Wewe si Hilaria," Felisian alisema.

"Mimi siye," ilijibu kwa upole. "Ila wao wameondoka. Mimi nipo."

Felisian akaivuta kompyuta katikati ya meza, ili waione wote wawili.