Hodi Iliyotoka Ndani

Ilikuwa kiangazi, ardhi ya Kituntu imekauka hata kupasuka, ndipo nyumba ya Kahigi ilipoanza kunuka nguo mbichi. Haikuwa harufu ya paa linalovuja. Ilikuwa harufu ya koti zito lililonyeshewa, likasogezwa karibu na moto na lisikauke. Vero, mkewe, alitoa nje kila shuka na kila gunia, akavianika juani kando ya majamvi ya kahawa. Aliporudi ndani aliikuta harufu imemtangulia, imeketi pale pale penye mafiga, na sakafuni pana unyevu wa ukubwa wa mtu aliyejikunyata.

"Baba Ainebyona," alinong'ona, "hili ni jini."

"Ni panya. Wamefia darini."

"Panya havai koti."

Wote wawili walilijua koti hilo. Kahigi alilishika mabegani. Mkewe alishika miguu.

Mambo yalianza mwishoni mwa masika. Jioni moja ya mvua mtu alibisha mlangoni, akasalimu kwa Kinyarwanda kwa sauti ya mgonjwa, akaomba akae kidogo karibu na moto. Siku hizo palikuwa na uvumi wa majambazi waliokuwa wakivizia njia ya Nyakakika. Kahigi alikuwa mzee wa kanisa, na mara nyingi aliwasomea waumini habari za Abrahamu jinsi alivyowakimbilia wageni watatu hemani mwake. Lakini jioni ile alizima taa, akamwashiria mkewe anyamaze. Kulipokucha walimkuta kizingitini amekufa ndani ya koti lake lililolowa, hana jeraha, wala hana chochote mfukoni cha kumtambulisha.

Nayo desturi ya huko ni hii: mtu huzikwa kibanjani kwake, yaani shamba la nyumbani, kati ya migomba, na kaburi ndilo linaloshuhudia kwamba mahali ni pake. Maiti asiye na kwao huzikwa alipookotwa. Kahigi hakuwaogopa polisi kama alivyoogopa kumpa asiyejulikana haki ya kulala pamoja na baba zake. Hivyo, kabla ukungu haujainuka, walimvusha mpaka wa shamba, wakamlaza katika migomba ya jirani yao Celestin, kibarua mwenye asili ya Rwanda, aliyekuwa amejipatia kipande chake cha ardhi juzi tu. Polisi walikuja, wakahoji, wakaondoka bila jina la marehemu wala sababu ya kifo. Akazikwa pale pale, harakaharaka, bila sala.

Ndipo ndimi zikaanza kazi. Wakasema mgeni kamuua mgeni. Kisimani, wanawake walivuta ndoo zao kila Speciose, mke wa Celestin, alipoinama kuchota.

"Chota upande ule," mmoja wao, Gloriose, alimwambia. "Maji yako yana mtu."

Kahigi aliyasikia hayo yote akanyamaza. Na kadiri alivyonyamaza, harufu ilizidi.

Kisha ikaja adhuhuri moja, Vero akiwa kisimani na jua likiwa limesimama wima juu ya migomba isiyotikisika, Kahigi alipotoka kugeuza kahawa, akaufikia mlango wake alioufunga kwa mkono wake mwenyewe, akanyoosha kiganja ili ausukume, na kabla hajaugusa akasikia mbao zikigongwa taratibu kutoka upande wa pili, kwa subira ya mtu aliyekwisha kubisha sana na aliye tayari kuendelea kubisha, na maji yakapenya chini ya mlango yakaloanisha vidole vya miguu yake, na ile sauti ya mgonjwa ikasema, karibu kabisa na uso wake:

"Hodi."

Aliyenyimwa kuingia alikuwa ndani, akibisha atoke.

Kahigi alikimbilia kwa Elpidius, mwinjilisti mstaafu, mjuzi wa Maandiko na wa mila za wazee.

"Shikamoo, mwalimu. Njoo uniondolee jini."

"Marahaba. Keti, unitajie dhambi kwanza. Jini nitamtafuta baadaye."

Kahigi akamsimulia yote, hata asiyoyakusudia.

"Pepo hukemewa akatoka," Elpidius alisema. "Huyu si pepo, ni mgeni, nawe umemfungia kwa ulimi wako. Fungua kinywa mbele za watu, naye atapata mlango."

"Mwalimu, wataniondoa katika uzee wa kanisa. Wanangu wataitwaje?"

"Na wa Celestin wanaitwaje sasa?"

Haikupita juma, watu walikusanyika kwa Celestin, kando ya lile kaburi, kumwamuru ahamie Kaisho kwa shemeji zake. Speciose alikuwa tayari anafunga mikeka. Kahigi akajipenyeza mpaka mbele.

"Mwacheni. Mtu huyu alifia mlangoni kwangu. Alibisha, sikumfungulia. Asubuhi nikamleta huku."

"Mzee Kahigi," mwenyekiti wa kitongoji alisema, "jua limekupiga?"

"Halijampiga," Vero alijibu. "Miguu niliibeba mimi."

Wote wakamgeukia Celestin, wakingoja hasira yake. Lakini yeye alichuchumaa, akayafumbata magoti yake.

"Mzee, kwangu alibisha kabla ya kwako," alisema kwa sauti ndogo. "Nilimjua kwa lugha yake. Nikaogopa mtasema ninaficha wageni. Nikamwelekeza aende kwa mzee wa kanisa."

Elpidius akalitazama tuta lile la kaburi lisiloombewa, kisha akawatazama watu.

"Basi tumzike sawasawa," alisema. "Ambaye mtu huyu hakubisha kwake, na ainame awe wa kwanza kutupa udongo."

Mwenyekiti aliangalia viatu vyake. Gloriose alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Hakuna aliyeinama, na katika jua lile kali harufu ya nguo mbichi ikapanda kati yao, na kila mmoja, kwa siri, akajipapasa nguo zake mwenyewe.

Habari za Celestin kuhama hazikutajwa tena. Watu walitawanyika bila kuagana. Jioni hiyo, katika kitongoji kizima, hakuna aliyethubutu kufunga mlango wake, wala aliyethubutu kuuacha wazi.