Jiwe Jeupe la Mdogo Wake

Haya yalimpata rafiki yangu Gráinne, mjane wa pwani ya baridi ya Connemara, Ulaya, Mungu amtunze. Alikuwa amempangisha chumba Paige, mwanafunzi Mmarekani, na Jumamosi moja ya Desemba walitembea ufukweni tangu asubuhi, wakila mkate na kucheka.

Wakiwa njiani kurudi, Paige akatoa jiwe jeupe mfukoni. "Zuri, eh? Nimeliokota kule kwenye majani. Yako mengi."

Gráinne akalitambua kwa mshipa wake mwekundu.

"Kule wamelala watoto waliokufa kabla ya kubatizwa," alisema. "Padri aliwakataa makaburini. Baba alimzika mdogo wangu kwa mikono yake, akamwekea hili, maana jina alikatazwa kuandika."

"Samahani, mama. Nilidhani ni mawe tu."

"Hata padri alidhani ni watoto tu. Lete. Na ukiongeza neno nitakutupa baharini, wewe na begi lako."

Alirudi kule kwenye majani peke yake, jiwe mkononi. Ilikuwa saa kumi, na ukungu ulishaleta giza. Bahari aliisikia tu, hakuiona. Akapapasa majani mpaka akakipata kishimo lilipong'olewa jiwe. Mara mawimbi yakanyamaza yote kwa pamoja, akabaki anasikia pumzi zake mwenyewe.

Akaingiza mkono ili alirudishe. Udongo wa pembeni ulikuwa baridi kama barafu. Ndani ya kishimo mlikuwa na joto, kama kwenye godoro la mtoto aliyeamka sasa hivi.