Mlango wa Wachezaji

Siku ya fainali za mpira wa wavu, mwaka tisini na saba, mbele ya Ukumbi wa Wakulima mjini Moshi palikuwa hapapitiki. Wauza karanga, wanafunzi waliotoroka vipindi, akina mama wa Kilema, kule mlimani, walioshuka na mabasi ya asubuhi, wote wanasukumana kuelekea mlango mmoja. Juu ya kiti cha chuma alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola inakata, tai nyekundu imeishia juu ya kitovu, kipaza sauti mkononi.

"Karibuni wageni! Jukwaa la kushoto ndilo zuri, la kulia jua la dirishani linapiga machoni. Vyoo viko chini ya ngazi. Mama mwenye viatu vya visigino, usikanyage uwanja, sakafu ni ya mbao! Ukumbi huu ni wa mambo yote: leo wavu, kesho ngumi, Jumamosi harusi!"

"Na wachezaji wapite wapi?" sauti ikauliza kutoka chini.

Alikuwa Raya, binti wa Mzee Alawi, fundi seremala wa mtaa wa Majengo. Suruali ya michezo ya buluu, ushungi wa maua ya zambarau, raba za mitumba zilizopakwa chaki zionekane mpya.

"Hapa hapa, dada. Panga foleni."

"Kazi umeanza lini, kaka?"

"Jana."

"Inaonekana. Unaelekeza watu kwenye nyumba usiyoijua. Njoo."

Akamzungusha nyuma, wakapita mapipa ya maji, akasukuma kimlango cha kijani kilichofichwa na kichaka cha michongoma.

"Huu ndio mlango wa wachezaji. Wageni hawaujui. Baba yangu aliupita kila siku alipokuwa akitandika sakafu hii. Inama, Mchagga, utavunja fremu."

Hakuinama. Fremu ikalia ko! Raya akacheka mpaka akashika ukuta.

"Umejuaje mimi Mchagga?" kijana aliuliza, anasugua paji la uso.

"Umeniangalia viatu kabla ya uso. Ulikuwa unavikadiria bei."

"Basi uso nao nimeukadiria. Siumudu." Akanyoosha mkono. "Melkior. Kwetu Kilema."

Timu ya Raya ilifungwa siku ile. Alitoka analia kwa hasira, akamkuta Melkior kwenye kimlango kile na soda mbili. Wakazinywa wamesimama, na wakaachana jioni wakiwa wamesema mengi.

Ndivyo yalivyoanza. Majengo nzima ilijua, kwa sababu simu iliyokuwa karibu ni ya dukani kwa Mama Shida, na Mama Shida hakuwa na sauti ya chini.

"Raya! Simu! Yule wako wa ndizi!"

Raya aliacha cherehani yake, akaja mbio na futi ya kupimia shingoni.

"Haloo."

"Umekula, mpenzi?"

"Wali."

"Wali kila siku! Ukija kwetu utakula machalari mpaka unenepe."

"Ndizi na nyama kwenye sufuria moja, watu wazima mnashindwa kupika wali? Sikiliza. Baba amekubali. Ulete wazee, mzungumze."

"Kweli, Raya?"

"Kahawa ikishavunwa."

"Waje na mbege?"

"Wakija na pombe baba atawapokea kwa randa."

"Haya, tutaleta mbuzi. Mbuzi hana dini."

Mama Shida, sikio karibu na simu, alicheka kuliko wote wawili. Habari ya padri na shehe, nani kati yao angewafungisha ndoa, waliisogeza mbele kila ilipotokea, kama watu wanaosogeza kabati zito wakiahidiana kulipandisha ghorofani kesho.

Lakini ule ukumbi. Ukumbi ule haukudondoka kutoka mbinguni. Kila mkulima wa mlimani alikatwa senti kwenye kahawa yake, msimu baada ya msimu, akaambiwa avumilie, anajijengea. Wako waliokufa wamekwisha kukatwa na hawajawahi kuketi ndani hata mara moja. Kisha ikaja enzi ya mwekezaji, neno ambalo wakubwa walilitamka wamevua kofia. Bwana Eliufoo, mtu wa Machame mwenye gari la vioo vyeusi, akauziwa ukumbi na watu ambao vidole vyao havikuwahi kuchuma punje ya kahawa. Nani alimuuliza mkulima? Hakuna. Wasichana wa wavu walifika mazoezini wakakuta kufuli, na mlinzi akawaambia patakuwa ghala la mitumba.

Melkior alibakizwa kazini, awatembeze wageni watakaoleta mtaji.

"Acha kazi hiyo," Raya alimwambia.

"Nikiacha nitakuoa kwa kitu gani, kwa majani ya mgomba? Niko upande wenu, mpenzi. Mtu wa kwenu akiwa ndani si ni afadhali?"

Raya aliamini. Aliamini kwa sababu alitaka, na kwa sababu Melkior alilisema lile amemshika mikono yote miwili.

Asubuhi ya wageni, wanawake wa Kilema walishuka tena, safari hii bila kwenda kutazama mchezo. Mbele yao Bi Dominika, bibi yake Melkior mwenyewe, kanga imefungwa kifuani, miguu ina udongo mwekundu wa kihamba, shamba la ukoo. Kila mmoja amebeba isale, jani refu linalopandwa mipakani. Mchagga akiliweka jani hilo mbele yako anakusihi. Ukilivuka umemkanyaga yeye. Wakayalaza kwenye kizingiti cha mlango mkubwa, kisha wakaketi chini. Raya na wasichana wake wakaketi nao.

Magari matatu yakaja, yakasimama. Bwana Eliufoo aliyaona majani. Hakushuka. Kioo kikateremka kidogo, na Melkior, ndani ya koti jipya la kijivu, akainama kusikiliza. Kisha akainuka, akamtazama bibi yake. Akamtazama Raya. Raya alijua kwamba kijana huyu akivuka, hakuna ndoa.

Melkior hakuvuka. Alizungumza na dereva, akapanda gari la mbele, na magari yote yakarudi nyuma, yakakata kona, yakaondoka.

"Amewarudisha!" Bi Dominika aliruka juu kama msichana. "Mjukuu wangu amewarudisha!"

Vigelegele vikapaa. Raya alikumbatiwa na watu asiowajua, wanamwita mke wetu, na yeye analia, anafuta machozi kwa ncha ya ushungi.

Ndipo kipaza sauti kilipokwaruza. Ndani.

"Karibuni wageni," ilisema sauti ambayo Raya angeitambua hata usingizini. "Kama mnavyoona, nguzo ziko pembeni tu. Katikati hapana kizuizi. Marobota yanaweza kupangwa mpaka kwenye dari."

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja. Bi Dominika alikuwa bado ameinua mikono. Aliitazama, akaishusha.

Jioni Mama Shida hakupiga kelele. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye cherehani. "Anakuita. Nimkatie?"

Raya akaenda.

"Mpenzi, umeona?" Melkior alisema kwa furaha, kweli kwa furaha. "Sikuvuka! Bibi sikumkosea, bosi sikumkosea. Kila mtu amebaki na heshima yake."

"Uliwapitisha wapi?"

"Pale... kwenye kimlango cha nyuma."

"Panaitwaje?"

"Raya, ile ni njia tu."

"Ungevuka isale ningesema ana njaa, ana woga, ni binadamu. Wewe ulisimama ukafikiri. Ukatafuta katika nilivyokupa mimi, kipi kitawafaa wao."

"Nilitaka tuoane!"

"Ulisema uko ndani kwa ajili yetu. Kweli ulikuwa ndani. Tumekusikia."

Akaweka simu chini polepole, maana haikuwa yake.

Wiki ile ile mbao za Mzee Alawi zilibanduliwa kwa mitaimbo, zikapakiwa kwenye lori. Mzee alikwenda kutazama, akarudi, akaketi kitandani na viatu vyake hadi magharibi. Naye Melkior akaachishwa kazi. Ghala lina haja gani na mtu wa kukaribisha wageni?

Jumapili akaja Majengo, bila tai. Amekonda. Mkononi ana isale lililofungwa fundo, la kuombea radhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Alimgeukia Raya, akalishika jani kwa mikono miwili. "Kwa bibi nimekwisha kwenda. Alilipokea. Naomba na wewe."

"Mimi si Mchagga, Melkior. Jani hilo halinilazimishi."

Mzee Alawi alikohoa. "Nimezaliwa mji huu, mwanangu. Sijawahi kumwona mtu aliyelikataa, awe Mchagga awe nani."

Raya alitazama kucha za mpenzi wake, zimeingia tena udongo wa shamba. Moyo wake ulimwendea, hakuweza kujidanganya. Kama angemchukia ingekuwa rahisi. Akapokea jani.

"Nimekusamehe. Toka moyoni, na baba ni shahidi."

Uso wa Melkior ulifunguka. "Alhamdulillahi," alisema, Mkatoliki yule, na mzee akatabasamu bila kutaka. "Basi wazee waje? Hata wiki ijayo, nitawa..."

"Wasije."

"Umesema umenisamehe!"

"Nimekusamehe. Lakini nikiolewa nawe, kila nitakachokuonyesha nitakuwa najiuliza utakuja kumpitisha nani. Siwezi kuishi hivyo, Melki. Nimejaribu usiku na mchana kujiona ninaweza."

Melkior alimwangalia mzee kutafuta msaada. Mzee Alawi alikuwa anatazama sakafu yake ya saruji.

"Mpe chai," mzee alisema hatimaye. "Ametoka mbali."

Raya akaenda jikoni, akarudi na kikombe na bakuli la sukari. Alijua kuwa Melkior anatia vijiko vitatu, na kimoja zaidi akidhani hatazamwi. Akainama mbele yake, kwa adabu, kijiko mkononi.

"Unatumia sukari?" aliuliza, kama mgeni anavyoulizwa.