Wati za Mwalimu Joakim

"Mbasa Moja, kahawa imeota ukungu."

Notburga, Mbasa Moja kwa jina la siri, alikata simu. Maana ya ujumbe aliijua: boti ya doria imeingia ziwani na redio yake imezibwa tena.

Mara ya kwanza ilipozibwa, wasafirisha pembe za ndovu kutoka pori la akiba la Liparamba waliivizia boti kwenye miamba. Kilian alirudishwa ufukweni amefunikwa turubai. Leo alikuwa anazikwa hapa Kihagara. Notburga, jasusi mwenzake aliyekula naye sahani moja tangu mafunzoni, hakuwa makaburini. Alikuwa ndani ya ovaroli ya fundi umeme, akipita nyuma ya nyumba za watu.

Safari hii Devotha, jasusi mwenzao, ndiye aliyekuwa kwenye boti.

Kijiji kilikuwa kimya. Maiti akiwa hajazikwa, mashine ya kusaga haiungurumi, muziki hauchezwi, fundi hachomelei geti. Ndiyo saa pekee umeme wa Kihagara hauna kazi, isipokuwa katika nyumba inayoficha mtambo wa kuziba redio.

Alibana klampu mita yake ya Fluke, kipimo cha mkondo wa umeme, kwenye waya wa kila nyumba. Karibu sifuri. Karibu sifuri tena.

Nyumba ya mwisho ilisoma ampia mbili.

Mlango ukafunguliwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba! Notburga? Siku hizi unapanda nguzo?"

Mwalimu Joakim aliwafundisha fizikia, yeye na Kilian, dawati moja.

"Hukwenda kuzika, mwalimu?"

"Goti, mwanangu. Halafu nina mashine ya kutotolea vifaranga. Balbu moja tu, wati sitini."

Volti mia mbili thelathini. Ampia mbili. Sauti iliyomjia kichwani ilikuwa ya mzee huyu huyu. Zidisha, upate nguvu: wati mia nne sitini. Gawanya, upate ukinzani: om mia moja kumi na tano. Balbu ile ingekuwa na ukinzani wa karibu om mia tisa.

Alitamani awe amekosea hesabu.

"Mwalimu, vifaranga gani hao wanaokula wati mia nne sitini?"

Mzee akacheka. Kicheko kikamfia mdomoni. Mkono ukaingia kotini.

Bastola ya Notburga, Glock, ilikuwa imeshatoka.

"Usinilazimishe, mwalimu. Nakuomba."

Mkono wa mzee ukatoka mtupu.

Ndani, nyuma ya trei za mayai, mtambo wa kuziba mawasiliano ulikuwa unavuma, antena yake imepenya dari. Notburga aling'oa plagi. Redio yake iliyokuwa ikikoroma mfukoni ikasafika.

"...Mbasa Moja, unanipata?" Devotha.

"Geuzeni boti! Mnaviziwa miambani!"

"Tunageuza."

Akamfunga mzee pingu.

"Waliniambia ni kuzima redio tu," Mwalimu Joakim alinong'ona. "Sikujua Kilian yumo."

"Na leo, je? Baada ya kujua?"

Askari wawili aliowaita walimtoa mzee kwa mlango wa nyuma.

Njiani watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wakinawa mikono kwenye beseni. Mama Vitalia, mzazi wa Kilian, alimshika Notburga kiwiko.

"Mwanangu, hata konzi ya udongo hukumtupia mwenzako?"

"Nisamehe, mama. Nilikuwa kazini."

"Kazi gani hiyo isiyongoja mtoto wangu azikwe?"

Angeweza kumwambia. Kiapo hakikumruhusu.

Alivaa miwani yake nyeusi, akatembea taratibu hadi kwenye gari, bila kugeuka.