Mkalimani Aliyetangulia

Jua lilikuwa linazama mkalimani alipoitwa kituo cha polisi. Alimwachia mama yake mtoto, akasema anarudi sasa hivi.

Kazini walimwita Chapuchapu. Ukisema nusu, yeye keshatafsiri nzima, tena hakosei. Kasuku hufuata, alizoea kujigamba, mimi hutangulia. Haya, sifa zina gharama.

Mtuhumiwa alikuwa mzee mkavu mwenye pingu mikononi, na chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua. Ilisemekana ameua majirani watatu bila kuwagusa. Lugha yake aliijua mkalimani peke yake.

Inspekta aliuliza amewauaje. Mzee akanong'ona, "Walikaa kama wewe, mkono mezani, halafu kidole..."

Akanyamaza.

Mkalimani hakungoja. Mazoea yana taabu. "Halafu kidole kikavunjika," akamalizia.

Kwa!

Inspekta alipiga yowe. Kidole chake kililala kinyume, mfupa nje, na hakuna aliyekigusa. Konstebo kijana akamvamia mzee kwa rungu, damu ikaruka ukutani. Mzee hakujikinga, akanong'ona tena:

"Shingo ya kijana huyu..."

Jamani, ulimi ulitangulia tena. "Itapinda."

Ikapinda. Taratibu... mpaka kisogo kikakaa mahali pa uso. Buti zake zilipiga sakafu, zikaacha.

Mkalimani akamwambia mzee kwamba muuaji ni yeye. Mzee akajibu kwa lugha ya wote, safi kabisa.

"Mwanangu, mimi huanza tu. Hata wale watatu walimaliziwa na wenzao." Akamsogelea. "Na yule mtoto uliyemwachia mama yako..."

Neno lilimjaa mdomoni. Aliuziba kwa mikono miwili, halikurudi. Basi akauma ulimi, akauma kwa nguvu zake zote, mpaka kipande kikaanguka mezani.

Alikimbia hadi nyumbani, kifua chote damu. Mtoto alikuwa mkekani, mzima, anacheza na mfuniko wa sufuria. Mkalimani alimkumbatia akalia kwa furaha.

Mama yake hakuona damu. Alikuwa amempa mgongo, anafunga dirisha, na mdomo wake haukupoa. Akaeleza kwamba mzee mmoja amepita sasa hivi, mikono ina pingu, maskini, kaanza habari za mtoto, kisha kanyamaza ghafla.

"Lakini mtu mzima lazima amaliziwe maneno," mama akasema. "Nadhani alitaka kusema kwamba mtoto huyu..."

Mkalimani alifungua mdomo amzuie. Ilitoka damu tu.