Kihori cha Bihogo

Jumamosi nyumbani kwa kina Sperancia, kule Kiruruma, ilianza kama Jumamosi zote. Alichota maji, akafagia uwanja, halafu akakaa na mama yake, Xaveria, kumenya ndizi za mchana. Pale nyumbani maganda hayatupwi. Yanajazwa kwenye tenga kando ya jiko, jioni anapelekewa Bihogo, ng'ombe wao pekee, ambaye siku hizo alikuwa na mimba kubwa mpaka anatembea kwa kujivuta.

Ila Jumamosi hii kulikuwa na kazi tamu. Baba yake, Desderius, alikuwa anamtengenezea Bihogo kihori cha mbao, maana akila chini anakanyaga nusu ya chakula chake. Mbao zilitoka kwenye mlango wa zamani wa stoo, zimejaa misumari yenye kutu. Nyundo na msumeno vilikuwa vyao. Grenda, mashine ya umeme ya kukatia chuma, waliiazima kwa fundi mmoja wa Bugene. Baba alimwonyesha Sperancia jinsi ya kung'oa misumari kwa nyundo, mmoja mmoja, na kuitia kwenye kopo. Grenda akamkataza hata kuisogelea. Kisha baba akaitwa kwa jirani kusaidia kupakia magunia ya kahawa, akaenda.

Msumari wa kwanza ulitoka vizuri. Wa pili ukakatika kichwa. Wa tatu ukagoma kabisa. Rafiki yake Edith, aliyekuwa anapita na ndoo, akasimama kumtazama.

"Kwa mwendo huo, ndama atazaliwa, atazeeka, na wewe bado uko na ubao huohuo," akasema.

Maneno yakamchoma Sperancia. Grenda si ile pale, na umeme upo? Akaiwasha. Weee, ule mlio! Cheche zikaruka kama mvua, vipande vya misumari vikapaa huko na huko, Edith akatimua mbio na ndoo yake. Ndani ya muda mfupi mbao zilikuwa safi. Alipozima na kuinua macho ndipo akaona cheche na vipande vilikuwa vinaelekea wapi: kwenye tenga la maganda.

Akachungulia juujuu. Hakuona kitu. Akajiambia vimeangukia kwenye nyasi.

Baba aliporudi alimsifu sana, na Sperancia akazipokea zile sifa bila kutaja grenda. Wakapima, wakakata kwa msumeno, wakapigilia. Jioni kihori kikasimama imara, mama akaja na tenga, akamwaga maganda yote humo.

Bihogo akasogea, akanusa, akapuliza pua, akarudi nyuma. Kitu kigeni kile hakukiamini. Baba akacheka, akasema huyu anangoja kukaribishwa kama mkwe. Mama akachota maganda kwa mikono miwili, akampelekea mdomoni.

Sperancia alimkumbuka ng'ombe wa mzee Gaudiosus, aliyekonda na kufa, na daktari wa mifugo alipompasua akakuta msumari. Ng'ombe hachambui chakula, anameza tu. Na akisema, baba atajua aligusa grenda. Bihogo akatoa ulimi.

"Mama, usimpe," akasema. "Waitu, nakusihi, usimpe. Kuna misumari humo. Nilikata kwa grenda."

Mama akavuta mikono haraka. Baba hakufoka, na hilo likamtisha Sperancia zaidi. Baba aliingia ndani, akatoka na spika ya redio mbovu, akaipasua na kutoa sumaku yake, akaanza kuipitisha taratibu katikati ya maganda.

Tik. Kipande cha msumari, chenye ncha kali. Tik, kingine. Mama akakaa chini, mkono kifuani.

Maganda yote yakatupwa kwenye shimo la choo cha zamani. Baba akapitisha sumaku kila kona ya kihori mpaka ikawa hainasi kitu, kisha wakaokota vipande vilivyotapakaa uwanjani. Sperancia akaenda shambani kukata nyasi mbichi, akarudi na mzigo kichwani. Safari hii Bihogo hakuringa. Aliingiza pua kwenye kihori, akaanza kutafuna, krap krap, na Sperancia akahisi pumzi inarudi kifuani, machozi yanamtoka huku anacheka.

Baba akaja kusimama karibu yake.

"Grenda ingekutoa jicho," akasema. "Kwa hilo, hutashika kifaa changu chochote mpaka niseme mimi. Umeelewa?"

"Ndiyo, baba."

"Lakini sikia na hili. Kuharibu, kila anayefanya kazi ataharibu siku moja, hata mimi. Ukiharibu, sema mapema. Leo umesema wakati mama yako bado anaweza kurudisha mkono. Ungesema kesho, mwanangu, ungekuwa unatueleza tu Bihogo amekufa kwa kitu gani."